Paleti ya rangi 35 na kope zinazopauka

Swali la msomaji: "Dada mpambaji, nina ngozi ya maji ya kunde inayoelekea weusi, na uso wangu ni wa mviringo. Nilinunua paleti ya aishedo, yaani rangi za kope, yenye rangi 35, pamoja na kiboksi cha kontua, ile rangi ya giza ya kuchonga uso, chenye rangi tatu. Rangi zinavutia zikiwa kwenye kiboksi, lakini nikizipaka kope zinapauka kana kwamba nimepakwa majivu, na kontua inabaki kama mstari wa matope shavuni. Nikipigwa picha kwa flashi ndiyo hali inazidi. Ninunue paleti gani nyingine? Kontua ya uso wa mviringo hupakwa wapi hasa? Na hii paleti niliyo nayo niitupe?"

Jibu

Dada yangu, naanza na sehemu ya swali lako iliyo nyepesi kuliko zote: usinunue paleti nyingine sasa hivi. Umeniandikia matatizo matatu, yaani kope zinazopauka, shavu lenye mstari wa matope na picha zinazokukataa, lakini kwa mtu aliyeshika brashi kwa miaka mingi matatizo hayo yana shina moja, nalo ni weupe uliojificha ndani ya vipodozi vyako. Ukishajua weupe huo unatoka wapi na unajitokeza lini, utaweza kuchagua mwenyewe rangi sita zitakazokutosha, na utaelewa ni kwa nini kontua iliyompendeza mwenzako inakuchafua wewe.

Sehemu kubwa ya aishedo ya unga, hata ile inayoonekana nzito kiasi gani, siyo rangi. Ni unga wa kujazia, mara nyingi talki au madini ya ulanga yaliyosagwa laini, ukashikamanishwa kwa mafuta au silikoni kidogo na kugandamizwa ndani ya kisahani. Rangi yenyewe huongezwa humo kwa kipimo. Oksidi za chuma ndizo zinazotoa kahawia, wekundu wa matofali, manjano iliyofifia na nyeusi. Bluu nyingi hutoka kwa altramarini. Na damu ya mzee mara nyingi hupatikana kwa kamini, ambayo hutengenezwa kutokana na wadudu wadogo waitwao kochinili. Mtengenezaji akitaka kupata rangi nyepesi, kama pichi, krimu au waridi lililofifia, huongeza titaniamu dioksidi, ambayo ni nyeupe pe. Kwa hiyo kila rangi nyepesi isiyong'aa iliyomo kwenye paleti yako ni rangi kidogo iliyokalia juu ya weupe mwingi.

Ngozi nyeupe humeza weupe huo bila mtu kuuona, kwa sababu hautofautiani nayo sana. Ngozi yako haiwezi kuumeza. Unapopaka na kuanza kusugua ili kingo zififie, chembe za rangi hutawanyika na kupungua nguvu, unga mweupe ukabaki umelala juu ya weusi wa ngozi, na weupe mwembamba juu ya weusi hutoa kijivu. Hayo ndiyo majivu unayoyaona. Wengi wakifika hapo huongeza unga zaidi wakidhani rangi haijashika, na kila wanapoongeza ndivyo kope inavyozidi kupauka.

Kuna jaribio ninalolifanya kwa kila paleti kabla haijaingia kwenye sanduku langu la kazi, na ningependa ulifanye na yako leo ukiwa karibu na dirisha. Usijaribu kwa kidole. Kidole kina joto na mafuta, kwa hiyo huishika rangi na kuigandamiza, na karibu kila aishedo hupendeza ikipakwa hivyo. Chukua brashi safi, igusishe kwenye kisahani mara moja tu, kisha ivute mara moja juu ya ngozi ya upande wa nje wa mkono, ambayo ina rangi iliyo karibu zaidi na ya uso kuliko ya kiganja. Halafu, kwa kidole kikavu, sugua mwisho wa mstari huo mpaka uwe hafifu kabisa, na utazame pale panapokaribia kutoweka. Rangi nzuri hufifia ikirudi kwenye kahawia ya ngozi yako, kana kwamba inazama ndani yake. Rangi mbaya hufifia kwa kugeuka ukungu. Katika paleti ya rangi 35 nategemea utapata kama kumi zinazozama vizuri, na sehemu kubwa ya hizo zitakuwa zile ulizozipuuza kwa sababu zilionekana nzito au za kuchosha: kahawia yenye wekundu, rangi ya tofali, zambarau iliyoiva, damu ya mzee na kijani cha jani bichi.

Kati ya hizo chagua sita. Ya kwanza iwe na rangi ya ngozi yako yenyewe, isiyong'aa, kazi yake ikiwa ni kuisawazisha kope. Ya pili ni rangi ya kuunganisha, ile inayopita kwenye mkunjo wa kope ili rangi nzito isikutane ghafla na ngozi tupu. Hapa ndipo paleti nyingi zinapowapoteza watu wenye ngozi kama yako. Rangi inayouzwa kwa kazi hiyo huwa ni kahawia hafifu ya mchanga, ambayo kwako ama haionekani ama inakuwa kijivu. Wewe unahitaji kahawia ya udongo wa chungu, yenye joto na yenye kina cha daraja moja au mbili kuzidi ngozi yako. Ya tatu ni kahawia nzito inayokaribia weusi, ya nne ni rangi moja unayoipenda kwa moyo, ya tano ni moja ya kumetameta, ama dhahabu ama shaba, na ya sita ni nyeusi. Wapo wapambaji ninaowaheshimu watakaokwambia kwamba hakuna haja ya nyeusi. Mimi naitaka, kwa kuwa ndiyo inayoizamisha rangi yoyote nyingine pembeni mwa jicho bila kuibadilisha jina.

Kabla ya unga, kope inahitaji kitu cha kuushika. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, inakunjuka maelfu ya mara kwa siku, na kwa watu wengi hutoa mafuta mapema kuliko mashavu. Praima ya macho, yaani kipodozi kinachotangulia rangi ili ishike, ni nzuri, na konsila nyembamba, ile krimu ya kuficha madoa, hufanya kazi hiyo pia, ilimradi iwe na rangi ya kope yako. Kosa ninaloliona kila mara ni konsila nyeupe iliyopakwa ili rangi "zitoke". Kwa bluu au manjano kali inasaidia kweli. Kwa rangi za kahawia unakuwa umeongeza weupe chini kabla hujauongeza juu. Ipake kwa ncha ya kidole, iwe kidogo kiasi kwamba ukifumba na kufumbua macho haikusanyiki kwenye mkunjo. Juu ya mkunjo ipulizie poda hafifu ili brashi iteleze, lakini sehemu ya katikati ya kope, utakapoweka rangi ya kumetameta, iache inate kidogo.

Sasa upakaji wenyewe. Shika brashi yenye nywele ndefu zilizotawanyika, na uishike mwishoni mwa mpini, siyo karibu na nywele, kwa sababu mkono ulio mbali hauwezi kukandamiza. Kung'uta unga uliozidi. Tazama kioo mbele moja kwa moja macho yakiwa wazi, maana wengi hufumba jicho, wakapaka vizuri kabisa mahali ambapo jicho likifunguka hapaonekani. Kama kope yako ya juu ina nyama inayofunika mkunjo, weka rangi ya kuunganisha juu kidogo ya mkunjo wako wa asili, pale inapoonekana ukiwa umefungua macho. Anzia pembe ya nje, pitisha brashi kuelekea ndani na kuirudisha, mara nyingi na kwa wepesi. Rangi nzito iwe ya mwisho na iwe ndogo kuliko unavyotaka: igusishe pembe ya nje kwa brashi ndogo, kisha rudi na ile brashi ya kwanza, ambayo bado ina mabaki ya rangi ya kuunganisha, na ufifishe ukingo tu. Anayesugua katikati ya rangi badala ya ukingo wake huiondoa rangi yote na kubaki na unga. Rangi ya kumetameta huwekwa kwa kubonyeza, kwa kidole au kwa brashi bapa iliyoloweshwa kidogo, na hapo mafuta ya kidole yaliyotudanganya kwenye jaribio yanakuwa rafiki.

Fanya macho kabla ya fandesheni. Vumbi la aishedo nzito huanguka chini ya macho, nalo likikuta fandesheni haliondoki bila kuacha alama. Ukianza na macho, unapangusa tu na kuendelea.

Neno moja la tahadhari kuhusu paleti kubwa, kwa kuwa huwa limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kiboksi. Baadhi ya waridi, nyekundu na zambarau kali zinazowaka hazitakiwi karibu na macho. Nchini Marekani FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa, ina orodha ya rangi zinazoruhusiwa kwa eneo la macho, na nyingi za aina hiyo hazimo, ndiyo maana watengenezaji huziita rangi za kugandamizwa badala ya kuziita aishedo, ingawa zimelala kwenye kiboksi kimoja na zile salama. Mbali na hayo, baadhi huacha doa kwenye kope kwa siku nzima. Vipande vya kumetameta vya kazi za mikono visiingie kabisa kwenye macho, kwa maana kingo zake zinaweza kukwaruza jicho. Na wanja wa jiwe usiojulikana ulikotengenezwa uache, hata kama umekaa kwenye familia kwa vizazi: wanja wa aina hiyo mara nyingi husagwa kutokana na galena, ambayo ni madini ya risasi.

Nije kwenye kontua, ambayo watu huiona kama somo jingine ilhali ni lile lile. Kope uliitia kina kwa kuweka giza mahali fulani na mwanga mahali pengine. Shavu nalo ni hivyo hivyo, ila kwenye shavu hakuna mapambo ya kuficha kosa.

Kontua ilizaliwa kwenye jukwaa na mbele ya kamera, mahali ambapo taa kali huufuta uso, na inasaidia kukumbuka hilo. Filamu za mwanzo za sinema zilikuwa haziuoni wekundu: rangi nyekundu ilitokea kama giza, kwa hiyo mwigizaji aliyepaka mashavu yake wekundu wa kawaida alionekana kwenye pazia ana mashavu yaliyobonyea. Wapambaji wa wakati ule walilazimika kujifunza kwamba rangi siyo kile unachokiona kwenye kioo bali ni kile ambacho mwanga utakifanya. Max Factor, aliyetengeneza rangi nyepesi ya uso kwa ajili ya sinema mwaka 1914, alijenga jina lake juu ya tatizo hilo. Flashi ya simu yako inakurudisha kwenye tatizo lile lile: inapiga usoni moja kwa moja, inafuta vivuli vyote vya asili, na kuacha vile tu ulivyochora mwenyewe. Kama ulivichora kwa rangi isiyo sahihi, ndivyo pekee vitakavyoonekana.

Kivuli cha kweli kwenye ngozi nyeupe huwa na ukijivu, na kwa sababu hiyo kontua nyingi zimechanganywa zikiwa kahawia yenye kijivu. Kwenye ngozi yako kivuli hakina ukijivu. Kina kahawia iliyozama, pengine yenye wekundu au ubluu kwa mbali. Kontua ya kijivu ikikaa juu yake hutoa matope, hilo ndilo jibu la mstari wako. Mwaka 2017 kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty ilipotoa fandesheni ya rangi 40 kwa mkupuo, kampuni nyingi ziliona aibu na kuongeza rangi nzito za fandesheni. Kwa ninavyoona kazini, viboksi vya kontua vimekuwa vya mwisho kubadilika, na rangi inayoandikwa kuwa nzito zaidi mara nyingi inalingana tu na ngozi ya mteja wangu.

Kupata rangi yako sahihi hakuhitaji kiboksi. Simama chini ya taa moja iliyo juu ya kichwa chako, zima nyingine, tazama kwenye kioo chini ya taya yako, pale shingo inapoanzia. Rangi unayoiona hapo ndiyo kontua yako. Utashangaa jinsi isivyo nzito. Kwa watu wengi ni daraja mbili kutoka kwenye ngozi, basi. Mimi mara nyingi huchukua fandesheni ya krimu iliyo daraja mbili chini ya ngozi ya mteja, yenye toni ile ile ya ndani, na kuiacha kontua ya kununua kwenye sanduku. Wala usiichanganye kontua na bronza. Bronza ina joto, hukaa pale jua linapoigusa ngozi, yaani juu ya paji, juu ya mashavu na kwenye mwanzi wa pua; kontua hukaa pale jua lisipofika.

Ukiwa bado chini ya taa ile, angalia vivuli vyako vinaangukia wapi, kwa sababu uso wa mviringo hauna bonde la shavu linaloonekana na ndiyo maana michoro ya kufundishia inakukosea. Michoro hiyo inakuambia unyonye mashavu kama samaki na kupaka ndani ya bonde. Ukifanya hivyo, kisha ukauachia uso, mstari unashuka pamoja na nyama na kuufanya uso uonekane umechoka. Tafuta mfupa badala yake. Weka kidole gumba mbele ya tundu la sikio na ukisogeze kuelekea puani mpaka ukute ukingo wa chini wa mfupa wa shavu. Kontua ikae juu ya ukingo huo wenyewe, siyo chini yake. Anzia kwenye nywele mbele ya sikio, ambapo rangi itakuwa nzito zaidi, na uipunguze ukija mbele mpaka iishe kabla ya kufika kwenye mstari unaoshuka kutoka pembe ya nje ya jicho. Kontua inayovuka hapo na kukaribia mdomo huugawa uso vipande viwili, na hata kuififisha kwa saa nzima hakutaiokoa.

Kwa uso wa mviringo, shavu siyo mahali penye kazi kubwa kuliko zote. Ni kwenye panja, pande zote mbili za paji, na kwenye taya kuanzia chini ya sikio hadi karibu na kidevu. Giza hafifu katika sehemu hizo huurefusha uso bila mtu kutambua umefanya nini. Kwenye taya, rangi ishuke mpaka shingoni, isiishie ukingoni kama barakoa. Pua naweza kuipitia haraka: mistari miwili myembamba iliyonyooka kutoka chanzo cha nyusi, ififishwe kwa nje, na kwa maoni yangu ni kwa ajili ya picha tu. Kwa mtu aliyekaa nawe mezani mchana, pua iliyochongwa kwa rangi huonekana kuwa imechongwa kwa rangi.

Sasa nikwambie jambo ambalo ningependa ulipe uzito kuliko yote niliyoandika kuhusu giza. Kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi, ndivyo kontua inavyopungua nguvu na mwanga unavyoongezeka. Hakuna nafasi kubwa ya kushuka chini. Nafasi iko juu. Chukua konsila iliyo daraja moja hadi mbili juu ya ngozi yako, yenye toni ya dhahabu au chungwa lililofifia badala ya waridi au krimu, uiweke chini ya macho kwa umbo la pembetatu iliyolala, katikati ya paji, juu ya mwanzi wa pua na katikati ya kidevu. Uso unainuka kutoka katikati, na pembeni panarudi nyuma penyewe, pakiwa na rangi yako ya asili. Nina wateja wenye ngozi nyeusi ti ambao sijawahi kuwapaka kontua hata siku moja, na watu huniuliza ni kontua gani niliyotumia.

Utaratibu wa tabaka haubadiliki: krimu hukaa juu ya krimu, poda juu ya poda, na poda inaweza kukaa juu ya krimu, lakini krimu juu ya poda huchimba na kuacha mabaka. Kama unatumia kontua ya krimu, iweke mara baada ya fandesheni, ibonyeze kwa sponji lenye unyevu ukielekea juu, kisha ndipo uweke poda. Kubonyeza na kusugua ni vitu viwili. Ukisugua unaisogeza rangi kutoka pale ulipoiweka na kuitoboa fandesheni iliyo chini.

Kuhusu picha, nina kisa changu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimpamba bibi harusi mmoja, nikamaliza chini ya macho yake kwa poda nyeupe isiyo na rangi iliyokuwa imesifiwa sana wakati ule. Kwenye kioo hakuonekana na dosari. Picha za flashi zilipotoka alikuwa na duara mbili nyeupe chini ya macho, na kingo zake zilifuata sawasawa njia ya brashi yangu. Poda ile ilikuwa ya silika karibu yote. Silika kwenye mwanga wa chumba haionekani, lakini huurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye kamera. Titaniamu dioksidi na zinki oksidi zilizomo kwenye krimu nyingi za kukinga jua hufanya hivyo pia. Mteja alikuwa mwungwana kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeinuka kwenye kiti changu kabla sijamwingiza kwenye chumba chenye giza na kumpiga picha moja kwa flashi ya simu. Wewe nawe fanya hivyo nyumbani. Kama weupe ni chini ya macho tu, badilisha poda, utumie yenye rangi ya ngozi yako. Kama umetapakaa uso mzima, chunguza krimu ya jua au fandesheni. Na kama ni kwenye kope, unajua tayari ni rangi zipi zilizofeli jaribio la dirishani.

Yapime pia macho na shavu kwa pamoja. Siku utakayopaka kope nzito, ya rangi ya tofali na nyeusi pembeni, punguza kontua ya shavu nusu na uache panja na taya. Jicho zito lenyewe ni kivuli kikubwa usoni, na likipata mshindani shavuni mtazamaji anashindwa kujua atazame wapi.

Imebaki paleti yako. Usiitupe kwa sababu ya rangi, lakini itazame nyuma: kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa wenye namba kama 12M au 24M, maana yake miezi ya matumizi tangu siku ulipoifungua, nayo ikipita au harufu ikibadilika, hapo itupe. Kama bado ina muda, zile rangi kumi zilizofaulu ndizo paleti yako. Kahawia nzito ichukue kwa brashi nyembamba iliyokatwa mshazari na kuloweshwa kidogo, uitumie kama wanja kando ya nywele za kope au kujazia nyusi. Zile zinazong'aa ambazo kwenye mkono zilionekana hafifu, zijaribu juu ya penseli nyeusi iliyopakwa kwanza kwenye kope na kufifishwa. Bluu na kijani nyingi hufufuka zikipata giza chini yake. Ukiona kisahani kimefanya ngozi ngumu juu na hakitoi unga, ni mafuta ya vidole: bandika selotepu juu yake, ibandue, ngozi ile itatoka nayo. Na kama kimojawapo kimevunjika, kiponde chote kiwe unga, dondoshea alkoholi ya asilimia 70 au zaidi mpaka kiwe uji mzito, kigandamize kwa kitambaa safi kilichozungushwa kwenye sarafu, kisha kiache wazi mpaka kesho yake asubuhi.